Maneno ya Majengo: Msomaji wa Mkula mbele ya Sanaa ya Italia

Msomaji wa Kiswahili amepelekwa Italia kwa milango miwili, na yote miwili ilifunguliwa na mtu mmoja. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri ya mchezo wa Shakespeare kwa jina la Julius Caezar. Mwaka 1969 aliutoa tena, umesahihishwa, kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huo huo yakatoka Mabepari wa Venisi. Kabla ya hapo Rumi ilikuwa imekwisha kutajwa katika Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728, ulio miongoni mwa tungo za kale kabisa za Kiswahili ambazo hati zake zimesalia. Lakini Rumi ya Bwana Mwengo ni dola ya Herekali, ambayo makao yake yalikuwa Kostantinopoli wala si Roma ya Italia, nayo humo huonekana kama jeshi, si kama mji. Ukiacha hizo, maandiko ya Kiswahili yampayo msomaji nafasi ya kuitazama nchi ya Wataliani ni machache mno, na hayo machache aghalabu ni ya dini.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba katika michezo yote miwili hapana jengo lionekanalo kwa macho. Majina ya mahali yamo: Kapitoli, Rialto, imo hata sanamu ya Pompei ambayo Kaizari aanguka miguuni pake. Walakini msomaji hawezi kujua kutoka humo kama Kapitoli ni jiwe au mti, ni refu au fupi. Kosa si la mfasiri. Shakespeare aliandikia jukwaa tupu, wala hapana ushahidi kwamba aliwahi kuitia Italia machoni. Alichokuwa nacho ni visa vya Waroma na hadithi za Wataliani alizozisoma. Mfasiri alipokea mchezo wa maneno, akatoa mchezo wa maneno. Basi msomaji hutoka Roma akiwa amejua hotuba ya kuuchochea umati, na wivu wa wakubwa, na damu. Navyo si vitu vidogo. Lakini amepitishwa mjini humo kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni.

Haja ya kukifungua kitambaa hicho imekuwa kubwa kuliko zamani. Walimu hufundisha historia ya sanaa, mapadri na wachungaji husafiri, vikundi vya kwaya na ngoma hualikwa Ulaya, na picha za Roma na Florence sasa zaonekana katika simu ya kila kijana. Swali la mhakiki wa lugha ni hili: mtu akisimama mbele ya jengo la namna hiyo, akawa na watu nyuma yake wanaomsikiliza kwa Kiswahili, atasema nini? Jibu halipaswi kutafutwa Unguja wala Mombasa, ambako jiwe na chokaa ni mambo ya nyumbani. Litafutwe mahali kama Mkula.

Mkula imo katika wilaya ya Busega, mkoani Simiyu. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012, na kabla ya hapo Busega ilikuwa sehemu ya wilaya ya Magu, mkoani Mwanza. Lugha ya kwanza ya wengi huko ni Kisukuma. Kiswahili ni lugha ya shule, ya kanisa, ya mnada wa ng'ombe na ya ofisi. Ukielekea kaskazini, katika mkoa wa Mara, ndiko iliko Butiama, alikozaliwa huyo mfasiri wa Kaizari, ambaye naye alikipata Kiswahili kama lugha ya pili. Na ichukuliwe basi kwamba watu 20 wa Mkula, wazee kwa vijana, wameongozwa kupita Roma, Florence na Venisi, na kiongozi wao ameapa kutotumia ila Kiswahili.

Kiapo hicho kingemtia taabuni siku ya kwanza, na sababu si uchache wa maneno. Sababu ni kwamba yapo maneno matatu au manne yaliyozoea kufanya kazi ya yote. Sikiliza namna majengo ya kale yanavyosemwa katika vitabu vidogo vya kuwaongozea wageni na katika hotuba za kufungua makumbusho: jengo ni “la kihistoria”, ni “zuri sana”, ni “la kuvutia”, na kwa jumla yake ni “kivutio”. Neno hili la mwisho lastahili kulaumiwa kwa jina. Kivutio ni neno la mfanya biashara. Laeleza kitu hicho chawafanya nini wageni wenye fedha, halielezi kitu chenyewe ni nini. Pango ni kivutio, simba ni kivutio, msikiti wa Kilwa ni kivutio. Neno lifaalo kwa simba na kwa msikiti sawasawa halijasema neno juu ya msikiti. Na mtu aliyeambiwa mara kumi kwa siku moja kwamba atazamacho ni kizuri na cha kihistoria, jioni hana alichokiona.

Lakini Kiswahili chenyewe si maskini hivyo. Kwa muda wa miaka 200 kimekuwa na utungo mmoja ambao, ukitazamwa kwa jicho hili, ni ziara ya majengo. Katika Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mshairi auchukua moyo wake mwenyewe na kuupitisha katika nyumba za matajiri zilizoanguka: auonyesha kumbi, auonyesha vidaka vilivyokuwa vya vyombo na sasa vimekaliwa na ndege, auonyesha kuta na walichokifanya ndani yake popo na buibui. Wahakiki, tangu William Hichens alipouchapisha utungo huo mwaka 1939, wameusoma kama waadhi juu ya dunia ipitayo, na ndivyo ulivyo. Hata hivyo waadhi huo haungemchoma mtu kama mshairi hangekuwa na jina la kila pembe ya nyumba. Mtu aliyekuwa na “jumba zuri la kihistoria” tu angewezaje kumliza msomaji? Huzuni ya Pate imekaa ndani ya neno kidaka.

Hazina hiyo ya pwani ni kubwa. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, ina kiwanda kilicho wazi juu, ina misana iliyofuatana, kisha ndani, kisha nyumba ya kati. Mlango una miimo yake, una vizingiti vya juu na vya chini, na katikati una mfaa, ule mti usimamao pale mbao mbili zinapokutana. Ukuta ni wa matumbawe, umeshikwa kwa chokaa iliyochomwa tanuuni. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Kiongozi wa watu wa Mkula akifika Florence, mbele ya milango ya shaba ya Lorenzo Ghiberti katika nyumba ya ubatizo, kazi iliyochukua tangu 1425 hata 1452, ana kila neno alilihitaji. Ni mlango wa mbao mbili, una miimo na vizingiti, na katika kila ubao yamo mabamba matano yaliyonakshiwa visa vya Agano la Kale na kupakwa dhahabu. Nyumba yenyewe ina pembe nane, na pembe nane si jambo geni kwa Kiswahili, maana birika ya Husuni Kubwa huko Kilwa Kisiwani, iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, ina pembe nane vile vile.

Hata kuba ina historia yake upande huu. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipopanuliwa katika karne hiyo ya 14 uliezekwa kwa kuba na matao, na Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331. Kwa hiyo wale wasemao kwamba istilahi za ujenzi mkubwa hazina budi kutungwa upya, au kuazimwa kutoka Kiingereza, hawajaenda Kilwa.

Pamoja na hayo msamiati wa pwani una mpaka wake, na mpaka huo uliwekwa na mti. Boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi kubwa. Ndiyo sababu vyumba vya Lamu na Pate ni virefu lakini vyembamba, upana wake wakaribia meta tatu tu au pungufu. Nyumba ya pwani ni ya pembe nne, nyembamba, yenye kwenda ndani. Maneno yake yote huenda ndani pamoja nayo: mtu huhesabu vizingiti alivyovuka mpaka akafika penye siri ya nyumba. Maneno hayo yakipelekwa katika jengo la mviringo, ambalo halina mbele wala nyuma, hukwama.

Na jengo kubwa kuliko yote yaliyobaki mazima kutoka Roma ya kale ni la mviringo. Ni Pantheon, iliyokamilishwa katika enzi ya Kaizari Hadrian, yapata mwaka 126. Upana wake wa ndani ni meta 43 na kitu, na kimo chake, kutoka sakafu hata juu, ni kiasi kile kile, hata mpira mkubwa ungeweza kukaa ndani ukagusa sakafu na dari na kuta pamoja. Juu kabisa pana tundu la duara, upana wake karibu meta tisa, na hapo ndipo nuru yote iingiapo, mbali na ile ya mlangoni. Mtu wa Lamu angeliitaje? Angesema kuba, na angekuwa amesema kweli, lakini angekuwa ametaja paa na kuiacha nyumba.

Mtu wa Mkula analo neno. Ni msonge. Kamusi hulitaja neno hilo kwa kifupi, kama nyumba ya mviringo ya watu wa bara yenye paa la nyasi, na mwandishi wa mjini hulitumia anapotaka kuonyesha ufukara. Huo ni udhalimu wa lugha. Msonge ni fikira kamili ya ujenzi: ukuta uzungukao bila pembe, na paa ambalo miti yake yote yatoka pande zote kwenda kukutana mahali pamoja juu. Makombamoyo ya paa hilo yakiachwa yenyewe yangetaka kusukuma nje na kuubomoa ukuta. Kinachoyazuia ni fito zilizofungwa kuzunguka, duara juu ya duara, zikipungua ukubwa kadiri ziendavyo juu. Kila fundi wa kuezeka ajua hivyo, hata kama hajapata kusoma hesabu.

Sasa, atakapofika mbele ya kanisa kuu la Florence na kuambiwa kwamba Filippo Brunelleschi alilifunika kwa kuba yenye upana wa zaidi ya meta 40, tangu 1420 hata 1436, bila kusimamisha jukwaa la miti la kuishikilia kutoka chini, fundi huyo atauliza swali la kwanza lililo sawa: ni nini kiizuiacho isipanuke? Na jibu lipo. Ndani ya kuba hiyo, ambayo kwa kweli ni kuba mbili, moja ndani ya nyingine, mna mikanda ya mawe yaliyofungwa kwa chuma, na mmoja wa mbao, inayoizunguka kwa ngazi mbali mbali. Ni fito za Mkula kwa mawe. Mwongozi anayesema tu “huu ni ustadi wa hali ya juu” amewanyima watu wake furaha ya kulifahamu jambo ambalo mikono yao imekwisha kulifahamu.

Huenda ikadhaniwa kwamba huku ni kuukweza msonge kwa ajili ya heshima ya kabila. La. Ushahidi wa kwamba umbo hilo laweza kubeba jengo la fahari hauko mbali na Mkula. Huko Bujora, karibu na Kisesa, kwenye barabara itokayo Mwanza kwenda Musoma, Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alianzisha katika miaka ya 1950 makumbusho ya Wasukuma pamoja na kanisa. Kanisa ni la mviringo, limefuata nyumba ya Kisukuma, na ndani yake alama za utemi zimetumiwa kuheshimu mahali patakatifu. Katika uwanja huo huo liko jengo la kuhifadhia ngoma na vitu vya watemi, ambalo umbo lake limeigwa kiti cha mtemi. Mtu aweza kubishana na padri huyo katika mambo mengi. Wako waliouliza kama alama za mtawala wa kienyeji zilipaswa kuhamishwa hivyo, na swali hilo ni la haki. Lakini kama mjenzi hakukosea kuhusu mviringo. Walakini Kiswahili kinachosemwa Bujora kwa wageni huteleza mara kwa mara kwenda kwenye yale maneno matatu, na kile kilicho maalumu hutajwa kwa Kisukuma kisha huachwa bila kufasiriwa, kana kwamba Kisukuma ni kitu cha kuonyesha nacho, kama mkuki ukutani.

Hapa ndipo ulipo ugomvi wenyewe. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaitunza kwa bidii. Matunda yake ni mengi: vitabu vya shule vya nchi nne vikasomeka. Lakini msingi si paa. Kumezuka mazoea ya kudhani kwamba neno la bara likiingia katika Kiswahili limeingia kwa dirisha, na neno la Kiarabu au Kiingereza limeingia kwa mlango. Mfano wa kuwakanusha wenye dhana hiyo umo vinywani mwao kila siku. Ikulu ni neno la bara, la Wanyamwezi na Wasukuma, lenye maana ya makao ya mtemi. Leo ndilo jina la makao ya Rais wa Tanzania, wala hapana msemaji wa Unguja anayelisikia kuwa geni. Tena lafanana kwa safari yake na neno lenyewe la Kitaliani. Palazzo, ambalo Wazungu wengi wamelichukua kuwa jina la jumba la mfalme, latokana na Palatium, jina la kilima kimoja cha Roma walikojenga makaizari. Makao ya mtawala mmoja yakawa jina la majumba ya watawala wote: ndivyo ilivyokuwa Roma, na ndivyo ilivyokuwa Unyamwezi. Yakiingizwa pamoja na ikulu, msonge, tembe na iwanza, ile nyumba ya baraza ya wanaume ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliikuta katika vijiji vya Unyamwezi, Kiswahili kitakuwa na namna tatu zaidi za kufikiri juu ya nyumba.

Katika sanamu mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa huko neno lipo na kosa limo ndani ya neno. Sanamu latokana na Kiarabu, ambako maana yake ni kitu kilichochongwa ili kuabudiwa. Katika Kiswahili limetanuka, likashika mfano wa mtu wa jiwe, mdoli wa mtoto, na hata picha. Lakini ile maana ya kwanza haikufa, na Biblia ya Kiswahili imeihuisha kila Jumapili. Sehemu za Nassa na Mkula zililelewa na misheni ya Kiprotestanti: Africa Inland Mission iliipokea Nassa kutoka CMS mwaka 1909. Kwa msikilizaji aliyelelewa hivyo, “sanamu ya Daudi” ni maneno mawili yasiyopatana. Daudi ni mtumishi wa Mungu. Sanamu ni kile alichokataza Mungu. Aonyeshwe basi Daudi wa Michelangelo, aliyechongwa tangu 1501 hata 1504 katika jiwe moja la marumaru, kimo chake meta tano na zaidi, tena yu uchi. Neno la mwongozi limekwisha kumhukumu kabla macho hayajainuka.

Wengine wameshauri kinyago litumike mahali pake. Shauri hilo halifai. Kinyago kina makao yake, yaani ngoma na jando na mzaha, na kwa siku hizi ufundi wa Wamakonde. Daudi si kinyago. Bora ni mchongo, neno lisilo na madhambi, lililo karibu na kazi ya mkono: mchongo wa Daudi, mchongo wa Musa. Sanamu libaki kwa kile kilichofanywa kuabudiwa, nacho hakikosekani Italia, maana Waroma wa kale walikuwa nacho kwa wingi.

Na huyo Musa wa Michelangelo, aliyeko katika kanisa la San Pietro in Vincoli, Roma, astahili kusimamiwa kitambo na wana-lugha hasa. Ana pembe mbili kichwani. Watu wa Mkula wameisoma habari ya Musa akishuka mlimani, nao hawajapata kusoma juu ya pembe. Kwao uso wake uling'aa. Asili ya pembe hizo ni tafsiri. Neno la Kiebrania lililo mahali hapo laweza kuelekea kwenye kung'aa au kwenye pembe, na Jerome, alipoitia Biblia katika Kilatini, akachagua pembe. Wachongaji wa Ulaya wakamfuata kwa karne nyingi, mpaka Michelangelo akayachonga maamuzi ya mfasiri katika marumaru. Biblia ya Kiswahili yashika upande wa kung'aa. Mwongozi akilijua hilo, anayo mbele yake habari ya lugha iliyosimama kama jiwe. Asipolijua, atasema kwamba ni mchongo mzuri, na wafugaji waliomfuata wataona labda pembe ni heshima, nao hawatakuwa wamekosea sana kuliko yeye.

Habari za picha za ukutani ni fupi. Ile namna ya kupaka rangi juu ya chokaa ingali mbichi, ili rangi na ukuta vikauke pamoja, ndiyo aliyoitumia Michelangelo katika dari ya Sistina kati ya 1508 na 1512. Yatosha kuiita picha ya chokaa mbichi. Kila mtu aliyepata kupiga lipu ataelewa kwa nini mchoraji hana budi kufanya haraka na hana nafasi ya kujuta. Ile elimu ya kuchora vitu vya mbali vikiwa vidogo kwa kipimo, ambayo Leon Battista Alberti aliiandikia kitabu mwaka 1435, haijapata jina la Kiswahili lililokubaliwa. Mpaka lipatikane, hakuna aibu kusema kuchora kwa kipimo cha umbali.

Kwa upande wa watendaji, Kiswahili kimebarikiwa kuliko kinavyojua. Siku hizi mchoraji na mchongaji huitwa msanii, na msanii katika vinywa vya vijana ni mwimbaji wa redioni. Tena mitaani usanii umekuwa jina la ulaghai. Haifai kumwita Ghiberti hivyo. Yeye na Brunelleschi wote wawili walifunzwa usonara kabla ya jambo jingine lolote. Katika Florence ya siku zao neno arte lilikuwa vile vile jina la chama cha watu wa kazi moja, na wachoraji waliandikishwa katika chama kimoja na waganga na wauza dawa. Fundi na sonara, maneno ya baraza yoyote ya Tabora au Tanga, yaingia ndani ya karakana hizo bila kuvua viatu.

Iko njia nyingine ambayo kwayo Italia ilikwisha kufika Usukuma, kabla ya Kaizari wa mwaka 1963, nayo haikuhitaji mfasiri. Richard Burton, alipoandika mwaka 1860 juu ya biashara ya misafara, alihesabu namna nyingi za ushanga zilizopelekwa bara. Ule mwekundu uliopendwa kuliko wote, uitwao samesame, ulifanyizwa Venisi. Ulivushwa bahari mbili mpaka Unguja, ukapimwa kwa frasila, ukabebwa na wapagazi mpaka Unyamwezi na nchi za ziwa. Mshairi wa Kiingereza alipowaweka mabepari Venisi aliwapa merikebu za viungo na hariri. Hakujua kwamba mji huo ungekuja kuwavika shanga mabibi wa watu hao. Waarabu, kwa kusema kando, huuita mji huo al-Bunduqiyya, neno ambalo kwa umbo ni lile lile la bunduki. Kama silaha na mji vinahusiana kwa asili ni jambo ambalo wana-lugha wengi hulikana. Vyovyote iwavyo, mwongozi akiwapitisha watu wa Mkula katika kisiwa cha Murano, ambako mafundi wa kioo wa Venisi waliamriwa kuhamia mwaka 1291, asianze kwa kusema kwamba wamefika ugenini.

Litabaki tatizo la mvua. Mbele ya Pantheon kila mtu atokaye nchi ya misonge atatazama lile tundu la juu, aulize yanakwenda wapi maji. Tundu lenyewe Waroma waliliita jicho, na Kiswahili, ambacho chemchemi hukiita jicho la maji, chaweza kusema jicho la kuba bila kuona haya. Lakini swali halikuwa juu ya jina. Mvua inyeshapo Roma huingia kweli kweli, ikaanguka katikati ya sakafu. Na sakafu hiyo, ukiitazama kwa ubavu, imetuna kidogo katikati, na mna vitundu vilivyotobolewa katika marumaru ambavyo kwavyo maji huteremka kwenda mferejini. Mwongozi na ainame, aweke kidole juu ya kitundu kimoja, aseme hivyo kwa Kiswahili.